Saa za Kazi Zinapokatwa, Nani Abebe Hasara?

Kupunguziwa saa za kazi maana yake ni kwamba mtu aliyeajiriwa kwa wiki nzima anaambiwa aje siku tatu tu, au aliyezoea kushinda kazini anaambiwa arudi nyumbani saa sita mchana, na mwisho wa mwezi mshahara wake unapungua kwa kadiri hiyohiyo. Ajira yenyewe haijavunjwa. Jina bado limo katika orodha, ufunguo wa gala bado uko mfukoni, na majirani bado wanamhesabu kuwa mtu mwenye kazi. Hapo ndipo ugumu ulipo. Anayefukuzwa ana siku yake ya kufukuzwa, ana barua mkononi au angalau maneno yaliyosikika na watu, na ndugu huja kumwuliza atafanyaje. Anayekatiwa saa hana siku kama hiyo. Mshahara humvuja polepole kama unga katika gunia lililotobolewa na panya, na anapogundua kwamba gunia limekuwa jepesi, miezi mingi imekwisha kupita.

Kaniama, mji wa mkoa wa Haut-Lomami nchini Kongo, ni mahali ambapo jambo hili huzaliwa kirahisi. Mji uko kati ya Kamina na Mwene-Ditu, kwenye reli ya kampuni ya BCK iliyofungua njia mwaka 1928 kutoka Katanga ya migodi hadi bandari ya mto ya Ilebo. Teritwari yake inajulikana kwa mahindi, na kazi nyingi za mshahara hufuata mahindi hayo na njia zinazoyabeba: gala, kinu cha kusaga, lori, duka la jumla, stesheni. Baada ya mavuno mikono haitoshi. Mvua inapoharibu barabara na treni isipofika, mwenye gala huwatazama watu wake wamekaa juu ya magunia matupu, akaona feza inayokwenda bila kurudi. Wazo la kwanza linalomjia ni kuwapunguzia siku. Si lazima awe mtu mbaya kwa kuwaza hivyo. Lakini roho yake, iwe nzuri au mbaya, haiamui kitu hapa. Linaloulizwa ni nani abebe hasara ya siku zisizo na kazi.

Sheria ya Kongo imekwisha kulijibu swali hilo. Kanuni ya Kazi, yaani sheria namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, inasema kwamba mshahara unadaiwa kwa muda ambao mfanyakazi ametoa huduma yake kweli. Kisha inaongeza kwamba unadaiwa vilevile pale mfanyakazi anapozuiwa kufanya kazi kwa sababu inayotoka kwa mwajiri. Nyongeza hiyo fupi ndiyo ngome ya mtu aliyekatiwa saa. Aliyefika mlangoni asubuhi, mzima na tayari, akaambiwa "leo hakuna kazi, rudi kesho," hakukosa kazi kwa uvivu. Alileta alichoahidi kuleta, muda wake na nguvu zake. Aliyeshindwa kuvitumia ni mwajiri, na siku hiyo inahesabiwa kuwa siku ya mshahara.

Wengi husoma vibaya kifungu cha saa 45 na kudhani kinampa mwajiri ruhusa ya kushuka apendavyo. Kanuni inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Huo ni ukomo wa juu, uliowekwa ili mtu asichoshwe kupita kiasi. Haumwambii mwajiri kwamba saa zilizo chini yake ni zake za kuchezea. Saa ambazo mfanyakazi anastahili ni zile zilizokubaliwa katika mkataba, au, pasipokuwa na karatasi, zile ambazo pande zote mbili zimezifuata tangu mwanzo. Aliyeajiriwa kwa saa 45 ana mkataba wa saa 45. Aliyeajiriwa tangu siku ya kwanza kwa saa 20 hawezi kudai 45, maana hakuna alichopunguziwa.

Nyuma ya Kanuni ya Kazi iko sheria ya zamani zaidi, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado inatumika hadi leo. Inasema kwamba mapatano yaliyofungwa kwa njia halali ni sheria kwa walioyafunga, na hayawezi kutanguliwa ila kwa kukubaliana kwao wote au kwa sababu zinazoruhusiwa na sheria. Ni ajabu kwamba sentensi iliyoandikwa zama za Leopold wa Pili, wakati Mkongo mwenyewe hakuhesabiwa kuwa mtu wa kufunga mkataba sawa na Mzungu, leo ndiyo inayomlinda karani wa gala la Kaniama. Siku za kazi na mshahara ni nguzo mbili za mkataba wake. Upande mmoja hauwezi kuzisogeza peke yake usiku na kuutaka upande wa pili uamke asubuhi ukiwa umekubali.

Mwajiri anayebanwa hukimbilia kwanza neno la nguvu kubwa isiyozuilika, ile inayoitwa kwa Kifaransa force majeure. Kanuni inalitambua. Mkataba unaweza kusimama kwa muda kwa sababu zilizotajwa, kama ugonjwa, uzazi, mgomo au nguvu kubwa inayozuia upande mmoja kutimiza wajibu wake. Ila kuwepo kwa nguvu hiyo hakuthibitishwi na mwajiri mwenyewe. Anayethibitisha ni inspekta wa kazi. Daraja lililochukuliwa na maji, kinu kilichoteketea kwa moto, hayo yanaweza kufika huko. Bei ya mahindi kushuka, mteja mkubwa kuhamia kwa mwingine, lori kukaa wiki mbili kwenye tope la msimu ambao hurudi kila mwaka, hayo ni mambo ya biashara. Mvua ya Kaniama si jambo la ghafla. Aliyefungua gala hapa aliijua mvua kabla ya kuajiri, na faida aliyotazamia mwaka mzima ilihesabiwa pamoja nayo.

Neno la pili ni "konje tekniki," likizo ya kiufundi. Limezoeleka Katanga kutokana na migodi, ambako bei ya madini ikianguka mitambo husimama. Kampuni ya Glencore ilisimamisha uzalishaji wa mgodi wake wa KCC huko Kolwezi mwezi Septemba 2015, kisha ule wa mgodi wa Mutanda mwishoni mwa 2019 baada ya bei ya kobalti kuporomoka. Kutoka kwenye makampuni makubwa neno hilo limeshuka hadi kwenye maduka yenye watu 5, na linatamkwa kana kwamba kulitamka kunatosha kumpeleka mtu nyumbani bila mshahara. Hakutoshi. Jina la konje tekniki halibadilishi kitu katika kanuni ya mshahara. Mtu anayewekwa nyumbani kwa sababu ya mwajiri anaendelea kudai mshahara wake, isipokuwa kuna mapatano yaliyosema vingine au inspekta amethibitisha nguvu kubwa. Makampuni yenye washauri wa sheria hujua hilo, na ndiyo maana hukaa mezani na sendika, chama cha wafanyakazi, kutafuta asilimia fulani ya mshahara itakayolipwa wakati wa kusubiri. Mwenye duka aliyelisikia neno redioni huchukua jina na kuyaacha mapatano.

Mwajiri hakuachwa bila njia. Biashara ikizorota kweli, Kanuni inakubali kwamba mahitaji ya uendeshaji wa kampuni ni sababu halali ya kuvunja mkataba usio na muda maalumu, pamoja na sababu zinazohusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi. Kuvunja huko kuna utaratibu wake. Mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi anapaswa kuwaarifu kwa maandishi wawakilishi wa wafanyakazi angalau siku 15 kabla, ili watoe maoni yao. Anapaswa pia kufuata mpangilio unaotazama ujuzi wa kazi, miaka ya utumishi na mzigo wa familia. Kisha inakuja preavi, muda wa taarifa ambao hauwezi kuwa chini ya siku 14 za kazi, ukiongezwa siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili wa utumishi usiokatika. Mtu aliyemaliza miaka 8 anastahili angalau siku 70 za kazi, ambazo ni zaidi ya miezi miwili na nusu ya mshahara.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini saa hukatwa badala ya watu kuachishwa. Kuachisha kunagharimu. Kukata saa hakugharimu kitu iwapo hakuna anayelalamika, na mara nyingi kunafanya kazi ileile ya kuachisha: mfanyakazi anayebaki na siku mbili kwa wiki hatimaye huacha mwenyewe, akaenda kulima au kupanda lori kuelekea Kolwezi, na preavi yake ya siku 70 inabaki kwa mwajiri. Hapa pana udanganyifu usiosemwa wazi. Mtu huyo hakuacha kazi. Kazi ilitolewa chini ya miguu yake.

Kanuni ililiona hilo pia. Katika makosa makubwa ya mwajiri, yale yanayompa mfanyakazi haki ya kuvunja mkataba papo hapo, imetajwa hali ya mwajiri kupunguza au kukata mshahara isivyo halali. Mfanyakazi anayeondoka kwa sababu hiyo haondoki kama mtu aliyechoka. Anaondoka kwa kosa la mwingine, na anaweza kudai haki zinazofuata. Sharti lake ni kali, na wengi huanguka hapo: uamuzi wa kuvunja kwa kosa kubwa lazima utolewe kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu kulijua kosa. Anayenung'unika miezi 6 kisha akatupa ufunguo mezani bila barua amejidhuru. Ataonekana amejiuzulu, na yeye ndiye atakayedaiwa preavi.

Ikiwa ni mwajiri aliyevunja mkataba bila sababu halali, mfanyakazi anaweza kudai kurudishwa kazini. Asiporudishwa, mahakama humpangia fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Ukubwa wa fidia hutazama aina ya kazi, miaka ya utumishi na umri. Mshahara unaotumika katika hesabu hiyo ni ule wa mwisho, na hapa saa zilizokatwa huuma mara ya pili. Kama mshahara wa mwisho ulikuwa tayari umeshushwa nusu bila mapatano, mwajiri atataka nusu hiyo iwe msingi wa kila kitu. Kwa hiyo madai ya kwanza mbele ya inspekta yanapaswa kuwa juu ya mshahara halali, ule wa mkataba, kabla ya kugusa fidia yoyote.

Mapatano yanawezekana, na kuna nyakati ambapo ndiyo njia ya busara. Watu 6 wa kinu kimoja wanaweza kuona ni afadhali wote wapunguze siku kwa miezi miwili kuliko wawili wao kupoteza kazi. Sheria haiwakatazi. Inachotaka ni kwamba kukubali kuwe kukubali kweli, na kwamba yaliyokubaliwa yasishuke chini ya kiwango cha Kanuni, kwa sababu kila sharti linalompa mfanyakazi chini ya hapo ni batili lenyewe. Karatasi nzuri ya mapatano hayo inataja tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, siku za kazi zinazobaki, kiasi cha mshahara, na kwamba tarehe ya mwisho ikifika saa za zamani zinarudi bila kuombwa. Karatasi inayosema "mpaka hali itakapokuwa nzuri" ni mtego, maana anayeamua hali imekuwa nzuri ni yuleyule anayefaidika ikiendelea kuwa mbaya.

Ugumu wa kukubali katika mji ambako kazi ni chache haupaswi kufichwa. Katanga inaujua vizuri. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wa kampuni ya migodi ya Gécamines waliondoka katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa kuondoka kwa hiari. Walitia saini. Lakini walitia saini baada ya miezi mingi ya kukaa bila mishahara, na kwa miaka mingi baadaye wengi wao waliendelea kudai kwamba walicholipwa hakikulingana na haki yao. Hiari ya mtu mwenye njaa ni jambo la kupimwa kwa uangalifu. Inspekta anayeletewa karatasi ya kupunguza saa anapaswa kuuliza zaidi ya kama ina saini: nani aliiandika, ilisomwa kwa lugha gani, na aliyekataa alifanywa nini. Mkataba ulioandikwa kwa Kifaransa na kusomwa haraka mbele ya watu wanaozungumza Kiluba na Kiswahili ni karatasi yenye upungufu.

Katika Tanzania na Kenya njia ni tofauti kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri, masharti ya kazi yanapobadilika, ashauriane na mfanyakazi, ayarekebishe maelezo yaliyoandikwa na kumjulisha kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema karibu vilevile. Faida yake ni kwamba kukosekana kwa maandishi kunaonekana haraka. Kongo imeweka uzito wake mahali pengine, kwenye deni la mshahara, na kwa mfanyakazi asiye na karatasi hiyo huenda ni kinga imara zaidi.

Asiye na karatasi hajapoteza haki yake. Mkataba usioandikwa unahesabiwa, hadi ithibitishwe vingine, kuwa ulifungwa bila muda maalumu, na mfanyakazi anaruhusiwa kuthibitisha kuwepo kwake na yaliyomo kwa njia zote: mashahidi, daftari la mapokezi, ujumbe wa simu wa kumwita kazini, risiti za pesa zilizotumwa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Daftari la shule la franka chache, ambamo mtu ameandika kila siku aliyokuja, saa aliyofika na neno la mwajiri la kumrudisha, lina uzito kuliko hasira yote atakayoileta ofisini.

Wanaoumia zaidi ni vibarua wa siku kwa siku, wale wanaoitwa jurnalie. Kanuni imewawekea kinga ya hesabu: aliyekwisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na muda maalumu, na mwajiri anayepuuza hilo anastahili adhabu. Waajiri wengine wameisoma kanuni hiyo kuliko wafanyakazi wao. Wanampa mpakiaji siku 10 mwezi huu na siku 10 mwezi ujao, jumla 20, kisha wanamwita ndugu yake. Hapo kukata siku hakutokani na uhaba wa kazi. Magunia yapo, lori lipo, kinachoogopwa ni siku ya 22. Inspekta akitaka kuona ukweli ni rahisi: alinganishe hesabu ya magunia yaliyopakiwa katika miezi miwili na majina ya waliopakia. Kazi ikiwa ni ya kudumu katika kampuni, sheria inasema mkataba wake nao uwe usio na muda maalumu, hata majina yazungushwe namna gani.

Mama anayenyonyesha naye ana hesabu yake. Anastahili mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, na saa hiyo moja inalipwa kama kazi. Mwajiri anayempunguzia saa 5 kwa wiki "ili apate muda wa mtoto" na kumkata mshahara amemnyang'anya kwa mkono wa kushoto alichopewa na sheria kwa mkono wa kulia.

Si kila anayefanya kazi Kaniama yumo ndani ya Kanuni hii, na kutojua hilo hupoteza nauli za watu. Kifungu chake cha kwanza kinawaweka nje mahakimu, watumishi wa kudumu wa serikali wanaoongozwa na sheria yao wenyewe, wanajeshi, polisi na watu wa Service National, yaani utumishi wa taifa. Kutajwa kwa Service National kuna uzito hapa kuliko mahali pengi pa nchi, kwa sababu kituo chake kikubwa cha kilimo kiko Kaniama-Kasese. Anayelima pale akiwa chini ya nidhamu ya utumishi huo hawezi kutumia njia ya inspekta wa kazi. Vivyo hivyo mwalimu anayelipwa na serikali. Mwalimu wa shule ya binafsi, dereva wa mfanyabiashara, mlinzi wa usiku, msaidizi wa famasi na mfanyakazi wa nyumbani wote wamo ndani ya Kanuni.

Wamo pia watu wa reli. SNCC, inayoendesha reli leo, ni kampuni ya serikali, lakini wafanyakazi wake wana mikataba ya kazi. Historia yake ya karibuni inafundisha tofauti ambayo huchanganywa mara nyingi. Treni zilipopungua kwenye njia ya Kamina hadi Ilebo, kazi ya stesheni nyingi ilipungua kwa matendo bila saa kukatwa kwa barua, na mishahara ikacheleweshwa miezi kwa miezi. Malimbikizo hayo ni mateso makubwa kwa familia za reli, ila kisheria ni deni kamili: kila mwezi usiolipwa unabaki umeandikwa kwa thamani yake yote. Kukata saa ni hatari kwa namna nyingine, kwa maana kunataka kufuta deni kabla halijazaliwa.

Mshahara ukishuka, havishuki vyakula vya siku hiyo tu. Michango ya CNSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, huhesabiwa kutoka mshahara: kwa pensheni, asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 5 kutoka kwa mwajiri. Msingi ukiwa nusu, mchango unakuwa nusu, na uzee nao unakatwa. Kongo haina mfuko wa kumlipa mtu aliyekosa kazi kwa muda. Ujerumani, mwajiri akipunguza saa kwa sababu ya dhiki ya kiuchumi, bima ya taifa hulipa kwa kawaida asilimia 60 ya mshahara halisi uliopotea, na asilimia 67 kwa mwenye mtoto. Hasara inagawanywa kati ya kampuni, mtu na taifa. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inahakikisha haki ya kazi, kinga dhidi ya ukosefu wa kazi, na mshahara wa haki unaompa mfanyakazi na familia yake maisha yenye heshima. Kwa kuwa mfuko wa kinga hiyo haujaundwa, kanuni ya kwamba siku isiyo na kazi kwa sababu ya mwajiri ni siku ya mshahara ndiyo kinga pekee iliyopo. Kuilegeza kwa kisingizio kwamba biashara ni ndogo ni kumwacha mpakiaji abebe peke yake mzigo ambao Ujerumani hubebwa na watu watatu.

Anayetaka kudai huanza kwa barua. Inatosha karatasi moja, iliyoandikwa kwa heshima, ikisema kwamba saa zimepunguzwa tangu tarehe fulani bila mapatano, kwamba mwandishi yuko tayari kufanya kazi saa zake zote, na kwamba anadai mshahara wake kamili. Nakala inabaki nyumbani, na anayeipokea atie saini au ipelekwe mbele ya shahidi. Mahali penye wawakilishi wa sendika, barua hiyo hupitia kwao, na maneno yaliyosemwa na watu 10 kwa sauti moja hayamfichui mmoja. Sehemu kubwa ya magala na maduka haina uwakilishi huo, na huko mfanyakazi hukaa peke yake na inspekta.

Inspekta ni mlango ambao hauwezi kurukwa. Mgogoro wa mtu mmoja haupokelewi na mahakama ya kazi kabla haujapelekwa kwake kwa usuluhishi. Anaziita pande zote mbili, anasikiliza, na yakipatikana mapatano anayaandika. Yasipopatikana, anaandika hati ya kushindikana kwa usuluhishi, na hati hiyo ndiyo inayofungua mahakama. Mahakama za kazi ziliundwa na sheria namba 016/2002 ya tarehe ileile ya Kanuni, na mwamuzi wake huketi pamoja na wajumbe wa waajiri na wa wafanyakazi. Mahali ambapo hazijafunguliwa, kesi husikilizwa na mahakama za kawaida.

Njiani kuna saa nyingine inayokatika, ile ya muda wa kudai. Madai ya kawaida ya mkataba wa kazi hufa baada ya miaka 3. Madai ya mshahara hufa baada ya mwaka 1 tu tangu siku mshahara ulipopaswa kulipwa. Chukua karani anayelipwa franka 25,000 kwa siku, yaani 650,000 kwa mwezi wa siku 26, aliyeshushwa hadi siku 13. Kila mwezi anadai 325,000. Baada ya miezi 10 deni ni 3,250,000. Akikaa miezi 18, ile miezi 6 ya kwanza imekwisha kuzimika, na franka 1,950,000 zimekwenda. Kutia saini kwenye daftari la malipo pungufu hakukumwondolea haki, wala maneno kama "nimelipwa vyote" hayamfungi aliyeandikishwa kuyasema. Kilichomwondolea ni kalenda.

Na kalenda hiyo ni ngumu zaidi kwa mtu wa Kaniama. Ofisi za mkoa wa Haut-Lomami ziko Kamina, mbali zaidi ya kilomita 150. Kwenda na kurudi, kulala, kula bukari barabarani, kisha kuambiwa mhusika hayupo na urudi wiki ijayo, hilo linaweza kumeza deni la mwezi mzima. Mwajiri anayesafiri Kamina kununua bidhaa haoni umbali huo. Ndiyo maana ziara ya inspekta Kaniama wakati wa mvua, mara mbili au tatu kwa msimu, ina thamani kuliko vifungu vipya vya sheria. Akae siku 3 katika ofisi ya teritwari, tarehe itangazwe redioni na makanisani wiki mbili kabla, apokee barua, awaite wenye magala palepale walipo. Daftari la karani lisingehitaji kupanda lori, na mwezi wa kwanza wa madai ungefika mezani kabla ya kutimiza mwaka.